Simu Imemzika Sadala

Tulimwacha Mwanamina katikati ya duka la shemeji yake pale Kibiti, simu ya shemeji mkononi, mlango umetiwa komeo nyuma yake. Shemeji mwenyewe, Swalehe, alikuwa anamjia, mkono ameunyoosha mbele. "Nipe simu yangu," alisema. Ndipo simu ikaita, na kioo kikaandika jina la anayepiga.

MAREHEMU BABU.

Juu ya jina ilikaa picha ya mzee Sadala, babu wa Swalehe na wa mume wa Mwanamina, kofia ya kitani kichwani, uso ameukunja kama alivyozoea kuukunja enzi za uhai wake. Mzee ambaye Delta nzima ilikwenda kumzika.

Mwanamina hakupiga kelele. Wala hakuitupa simu. Alibonyeza kijani.

"Kaka," sauti ikasema. "Kaka Swalehe, usikate. Ni mimi."

Ile haikuwa sauti ya marehemu. Ilikuwa sauti ya mumewe, Sadala, aliyerithi jina la babu.

"Watu wa ng'ambo wamekuja na boti yao," Sadala aliendelea, akihema. "Wale walioibiwa mashine. Maji yakijaa wananichukua. Hasira zao unazijua, kaka. Sema neno moja tu. Sema mimi ni mdogo wako na mashine ni ya babu. Neno moja!"

"Sadala!"

"Mwanamina? Simu ya kaka imefikaje kwako?"

Kabla hajajibu, simu ilinyakuliwa kule upande wa pili. Sauti nyingine ikaja, nzito, ya mtu mzima. Mzee Ukasha, mwenyekiti wa kamati ya gati la Mtakuja.

"Nani mwenzangu?"

"Mkewe."

"Wewe tulishakusikia, mama. Kila mwizi ana mke. Sisi tunamtaka aliyetuambia mwenye simu hii amekufa. Huyo ndiye aje hapa gatini afute kauli yake, kwa mdomo wake, tukimtazama. Maji yakijaa, boti inaondoka."

Simu ikakatwa.

Mambo yalikuwa hivi. Sadala alitoka Maparoni na mashine ya boti ya babu yake, mashine kongwe inayokohoa kuliko kuunguruma, akiipeleka kwa fundi Kibiti. Pale gatini kamati ikamsimamisha. Msimu huu wezi wa mashine wamewaliza watu wengi, na mtu mgeni mwenye mashine begani haachwi apite. Wakatafuta namba ya mashine, wakakuta imeliwa na kutu. Wezi nao hufuta namba. Sadala akacheka. "Mpigieni kaka yangu Kibiti, atawaambia," akawapa simu yake mwenyewe.

Wakapiga. Wakajibiwa kwamba mwenye simu hiyo ni marehemu, alishazikwa.

Tangu hapo Sadala amefungiwa kwenye stoo ya nyavu kama pweza ndani ya dema.

"Umemsikia," Mwanamina alimwambia Swalehe. "Ndugu yako huyo. Twende gatini."

"Nipe simu yangu kwanza, shemeji."

"Twende nitakupa."

"Nipe!"

Mwanamina akaitazama ile simu, akamtazama Swalehe, kisha akaitumbukiza kifuani, ndani kabisa, akakaza khanga juu yake.

"Njoo uichukue."

Swalehe akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Mke wa mdogo wako, mkono utaupeleka wapi? Na nje wateja walikuwa wanagonga mlango, wanaulizia mchele, wanachungulia kwenye ufa.

"Huna haya," alisema.

"Haya nimeziacha Maparoni. Nilijua huku sitazihitaji."

"Shemeji, sikiliza. Mimi sijamkana mtu. Kwani mimi ndiye niliyepokea ile simu?"

"Nani alipokea?"

Pazia la chumba cha nyuma likasogea. Akatoka Salwa, mke wa Swalehe, mwiko mkononi, jasho usoni. Binti wa Mahege huyu, ameolewa nyumba hii baada ya mzee kuzikwa. Ya ukoo hayajui yote.

"Mimi, dada Mwanamina," alisema. "Mimi ndiye niliyepokea."

"Rudi jikoni," Swalehe aliamuru.

"Wali unajiiva wenyewe."

Mwanamina alimsogelea. "Salwa, mdogo wangu, mume wangu unamjua. Amekula wali wako, amekusifia. Imekuwaje umwambie mtu kwamba Sadala amekufa?"

Salwa akauweka mwiko juu ya mizani.

"Simu ya huyu mume wangu ilikuwa imejaa majina kama daftari la mkutano," alisema. "Mama Nazi, Mama Nazi Mpya, Mama Nazi Usipokee. Mtu mmoja huyo huyo! Hemedy Mkaa, Hemedy Mkaa Mwenyewe, Hemedy Mkaa Kweli. Ukitafuta mtu unapotea. Basi simu yenyewe ikaniuliza, majina yamejirudia, niyaunganishe? Nikaona neema. Nikabonyeza ndiyo. Yote."

"Na Sadala?"

"Sadala sikumwona tena. Siku ile simu ikaita, naangalia, MAREHEMU BABU! Dada, nilitaka kukimbia. Nikapokea natetemeka. Mtu anauliza, mwenye simu hii unamjua? Nikasema, namjua kwa sifa, alizikwa, nani kaiba laini ya marehemu? Wallahi sikujua. Sikujua mpaka ulipoingia hapa leo unalia."

Mwanamina alifumba macho. Sasa alikuwa ameuona mtego wote.

Katika ukoo ule, mtu akifa laini yake haizimwi. Watu wa Kiongoroni, watu wa Mahege, watani na wateja wa mpunga, wote wanaijua namba ile moja tu, na msiba au harusi ikitokea ndiyo watakayoipiga. Kwa hiyo laini ya mzee hupewa somo yake, aliyerithi jina. Mzee Sadala alipokufa, laini yake walimpa mjukuu, Sadala, mume wa Mwanamina. Swalehe akafanya kama wengine wote. Jina la zamani akaliandika Marehemu Babu, kwa heshima, maana nani ana moyo wa kumfuta mzee? Kisha namba hiyo hiyo akaiingiza tena kwa Sadala, pamoja na ile laini nyingine ya Sadala mwenyewe.

Simu haijui heshima. Iliona namba moja ina watu wawili, ikawaunganisha kuwa mtu mmoja. Na katika wawili hao ikamchagua aliyekufa.

"Basi," Swalehe alisema, na sauti yake ikawa laini ghafla. "Umeona mwenyewe, shemeji. Ni bahati mbaya. Mwanamke kabonyeza asichokijua. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nayasikia leo haya."

"Vizuri. Umeshayasikia. Chukua pikipiki yako twende."

"Leo nina mzigo unaingia."

"Swalehe!"

"Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi watakuwa wameshamvunja mbavu!"

"Sadala ni mwanamume, atavumilia." Akajifuta uso kwa leso. "Na pengine itamfunza. Laini ya babu alipewa yeye, mashine akapewa yeye. Mimi mkubwa nilipewa nini? Nilipewa hongera."

Hapo Mwanamina akasikia mwiko ukigonga mizani. Salwa alikuwa ameuokota tena.

"Mwambie na ile ya pili," Salwa alisema.

"Ipi?"

"Walipopiga tena jioni. Ulipokea wewe."

Wale wateja wa nje wakaacha kugonga.

"Ulikuwa umekaa hapo hapo kwenye gunia," Salwa aliendelea, na kila neno lilimtoka kama anatema kokwa. "Jina lilipotokea ulicheka. Nikakuuliza unacheka nini na marehemu anapiga, ukaniambia nyamaza. Ukapokea. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ukasema, mwenye laini hiyo tulimzika, na mimi sina ndugu mwenye laini hiyo. Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe ulijua."

Mwanamina alimgeukia shemeji yake. Swalehe hakukataa. Alitazama mizani, akatazama dari, akatazama kila kitu ila watu.

"Nilisema uongo?" alisema mwishowe. "Laini ni ya nani? Si ya babu? Babu hatukumzika?"

Mtu wa aina hiyo ukimjibu unamheshimu. Mwanamina aliliendea komeo, akalichomoa, akausukuma mlango. Wateja wakarudi nyuma kwa aibu, masikio bado yamesimama.

"Nenda!" Swalehe alipiga kelele nyuma yake. "Nenda kawaeleze! Nani atakusikiliza? Mke wa mwizi!"

"Ng'ombe wewe," alisema Mwanamina bila kugeuka.

Barabarani bodaboda ilikuwa imeegeshwa kivulini. Mwenyewe, Faraji, alikuwa anakula muwa.

"Gati la Mtakuja," Mwanamina alisema. "Na ukimbie."

"Mama, njia ile ina mchanga..."

"Nimekuuliza habari za njia?"

Faraji akatupa muwa. Pikipiki ikawaka. Mwanamina hajakaa vizuri, akasikia viatu vinakuja mbio, na mkono ukamshika bega.

"Sogea, dada. Nipande."

Alikuwa Salwa, mtandio umeteleza shingoni, harufu ya jiko bado iko mwilini.

"Unakwenda wapi wewe? Mumeo atakuua!"

"Mzee wa gati kasema anamtaka aliyesema. Wewe ulisema? Mimi ndiye niliyesema. Sogea."

"Mishikaki sibebi," Faraji alilalamika. "Watu watatu hairuhusiwi."

"Leo tupo nyama tatu tu, kaka," Salwa alimwambia. "Endesha."

Wakaondoka.

Njia ilikuwa mbaya kama alivyosema. Mara mchanga, mara dimbwi, mara minazi, mara mashamba ya mpunga na madungu yake, vile vibanda vya miti mirefu vya kufukuzia ndege. Mwanamina hakuona hata kimoja. Alikuwa anatazama mikondo ya maji kila walipovuka daraja. Maji yalikuwa yanapanda. Mizizi ya mikoko aliyoiona ikiwa mitupu wakati anakuja asubuhi, sasa ilikuwa imezama nusu.

Salwa aliyebanwa nyuma akampapasa ubavu. "Nipe simu, dada. Niwatenganishe. Hapa kuna sehemu ya kutenganisha, naikumbuka. Niandike Sadala, tukifika wakipiga litokee Sadala, yaishe."

Lilikuwa wazo zuri. Mwanamina aliitoa simu kifuani, akaishika. Akafikiri mpaka pikipiki ilipovuka dimbwi jingine.

Kisha akairudisha mahali pake.

"Hapana. Usiguse hata herufi."

"Kwa nini?"

"Ukiandika Sadala sasa hivi, watasema tumeandika njiani. Na kweli tutakuwa tumeandika njiani. Nataka waone uchafu ulivyo."

"Na namba za kwenye simu yako je? Nikusafishie baadaye? Maana na wewe nilikuona, mumeo umemweka mara nyingi kweli. Baba Nasra, Sadala Laini Mpya, Sadala Mkorofi..."

"Za kwangu ziache zilivyo!" Mwanamina alifoka, na Faraji akacheka mpaka usukani ukayumba. "Ziache zijirudie. Siku mtu akimzika mmoja, nibaki na wengine."

Walipofika gatini, boti ya ng'ambo ilikuwa inaelea.

Asubuhi ilikuwa imelala ubavu kwenye matope. Sasa ilikuwa inacheza juu ya maji, na vijana wake walikuwa ndani tayari, wanaume wenye nyuso zilizokaza, watu walioibiwa riziki yao. Mmoja alikuwa amekalia mashine ya babu. Mwingine alikuwa ameshika ncha ya kamba. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa mikono ya Sadala.

Alikuwa bado ukingoni, maji yamemfika magotini, shati limechanika bega. Mdomo ulikuwa umevimba upande. Alipomwona mkewe akanyanyua mikono yake iliyofungwa kama anayepunga.

"Karibu," alisema. "Umekuja kumtazama marehemu?"

"Nyamaza, Sadala."

"Marehemu hasemi sana. Anauliza tu kama umekuja na maji ya kunywa."

"Nani kampiga?" Mwanamina aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye boti. "Nauliza, nani kampiga mume wangu kabla ya kesi?"

Mzee Ukasha akatoka chini ya paa la makuti, fimbo mkononi, wajumbe wawili nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya Mzee Ukasha. Alikuwa mtu aliyechoka kuona watu wake wakiibiwa.

"Shikamoo, mzee," Mwanamina alisema, maana hasira haiondoi adabu.

"Marahaba. Mama, nilikuambia kwenye simu. Mke hatumsikilizi."

"Sikuja kusema. Nimekuja unipigie simu."

"Nini?"

Mwanamina alitoa simu ya Swalehe, akainyanyua juu, kioo kikawaelekea wajumbe. "Hii ndiyo simu mliyoipiga. Ya shemeji yangu, Swalehe wa Kibiti. Simu ya mume wangu unayo wewe. Piga."

Mzee Ukasha alisita. Kisha akatoa simu ya Sadala kwenye mfuko wa kanzu, akabonyeza. Mkononi mwa Mwanamina simu ikaita. Wajumbe wakasogea.

"Someni."

"Marehemu Babu," mjumbe mmoja alisoma. Vijana wa kwenye boti wakaguna.

"Si ndiyo hiyo!" aliyekalia mashine alipiga kelele. "Laini ya maiti! Anatuthibitishia mwenyewe! Mvuteni huyo!"

Kamba ikakazwa. Sadala akajikwaa, maji yakamfika kiunoni.

"Mnamvuta wapi?" Mwanamina aliingia majini na khanga yake, akaikamata ile kamba kwa mkono mmoja, simu ameiinua kwa mkono wa pili. "Sijamaliza! Mzee Ukasha, simu hiyo ina laini mbili. Hiyo ya kwanza ni ya babu, sikatai, alipewa na ukoo. Sasa piga kwa ile ya pili. Piga!"

Mzee akapiga.

Simu ikaita tena. Picha ile ile ya mzee aliyekunja uso, jina lile lile.

"Marehemu Babu," mjumbe alisoma tena, safari hii polepole.

"Mzee Sadala ulimjua?" Mwanamina alimuuliza mwenyekiti.

"Nilimjua sana yeye, wajukuu zake siwajui. Nilikwenda kumzika."

"Alikuwa na laini ngapi?"

Kitu kilipita usoni mwa Mzee Ukasha, karibu kiwe tabasamu.

"Moja," alisema. "Na kisimu cha vibonye. Alikuwa anatutukana sisi wenye laini mbili. Anasema mwenye laini mbili ana siri na mkewe."

"Sasa huyo marehemu wa laini ya pili katoka wapi? Maana hii kanunua Sadala mwenyewe, mzee ameshalala kaburini. Mtu ataibaje kwa marehemu kitu ambacho marehemu hakuwahi kuwa nacho? Simu hii imeunganishwa majina! Namba zote za mume wangu zimebebwa zikatiwa kwenye jina la babu yake. Kosa ni la simu, ninyi mnamfunga mtu!"

Watu waliokuwa gatini, wenye ndoo za kamba wabichi, wenye magunia, wakaanza kusemezana. Mmoja alitoa simu yake akaitazama kwa wasiwasi.

"Hata mimi ilinifanyia," mwanamke mmoja alisema. "Fundi wa cherehani na mkunga, jina moja. Nilimpigia fundi, akaja mkunga."

Kicheko kikapita. Mwanamina alishukuru kimoyomoyo. Watu wakicheka hawapigi.

Lakini Mzee Ukasha hakucheka. Aliinua fimbo, wakatulia.

"Ya simu nimekubali," alisema. "Simu imekosea. Lakini mama, sisi tulipiga mara mbili. Ya pili alipokea mwanamume. Hakusema kwa kushtuka. Alisema kwa kituo kabisa, sina ndugu mwenye laini hiyo. Yule naye ameunganishwa na nani?"

Mwanamina akimtaja Swalehe, yeye mke wa mshitakiwa, ni fitina ya ukoo. Nani mwingine atasema?

"Ameunganishwa na mimi," Salwa alisema.

Alikuwa amesimama pembeni ya pikipiki muda wote. Sasa alikuja mbele, akajifunga mtandio vizuri kichwani kama anayekwenda kuswali.

"Mimi ndiye mwanamke wa kwanza mliyemsikia," alisema. "Nasema mbele yenu nilikosea, na kauli yangu naifuta. Simu niliisafisha mimi, majina niliyaunganisha mimi, sikujua kwamba laini ya mzee ilikuwa na mrithi. Nisameheni, na shemeji yangu anisamehe."

"Nimekusamehe," Sadala alisema kutoka majini. "Lakini wali wako sitausifia tena."

"Na huyo wa pili?" Mzee Ukasha alimkazia macho. "Binti, huyo wa pili ni nani?"

Salwa akavuta pumzi.

Pikipiki ikanguruma nyuma ya watu. Umati ukapasuka. Swalehe aliruka chini bila hata kuisimamisha vizuri, ikaanguka kwenye mchanga, gurudumu linazunguka.

"Salwa! Panda twende nyumbani."

Salwa hakusogea.

"Mzee Ukasha, huyu ni mke wangu, haya si mambo yake. Ametoroshwa. Na huyo mwanamke mwingine ameninyang'anya simu, mashahidi wako Kibiti nzima."

"Umefika wakati mzuri," mzee alimwambia. "Mtazame huyu aliyefungwa. Unamjua?"

Swalehe akamtazama mdogo wake. Mwanamina alikuwa karibu, aliona macho yale yote mawili. Aliona kitu kikitetemeka ndani yake, kidogo sana. Kisha kikatulia.

"Simjui," Swalehe alisema.

Sadala, ambaye alikuwa anatania tangu asubuhi na mdomo umevimba, safari hii hakutania.

"Kaka," alisema tu. "Tumelala mkeka mmoja mpaka ndevu zikatuota."

Swalehe akatazama mchanga.

"Binti," Mzee Ukasha alimgeukia Salwa. "Ulikuwa unataka kusema. Sema."

Swalehe aliinua kidole.

"Salwa. Mbele ya watu hawa wote nakuambia. Ukitamka neno moja, moja tu, basi wewe..."

Hakumaliza. Hapakuwa na haja. Pale gatini hapakuwa na mtu mzima asiyejua neno lililobaki. Wenye ndoo wakaziweka chini. Vijana wa ng'ambo waliacha kuvuta kamba, wakabaki wameishika tu.

Mwanamina alihisi maji yakimpanda mapajani. Alikuwa ametoka Maparoni alfajiri kumtafuta mtu mmoja wa kusema neno moja. Amempata. Na sasa akaona bei yake ni talaka, na atakayeilipa si yeye.

"Salwa," alisema. "Nyamaza, mdogo wangu. Usiseme. Nitatafuta njia nyingine."

Salwa akamtazama. Akatazama boti inayoelea, na kamba, na yale maji.

"Njia gani, dada? Maji yameshajaa."

Akamgeukia mwenyekiti, na alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, wazi, bila kukimbia.

"Huyu ni Sadala, mdogo wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja. Mashine ile ni ya babu yao. Sauti ya pili mliyoisikia kwenye simu ni ya huyu hapa, Swalehe. Alijua anamzungumzia nani. Alicheka kwanza, ndipo akapokea."

"Mfungueni," Mzee Ukasha alisema.

Kijana wa ng'ambo aliyeshika kamba aliiachia kana kwamba imepata moto. Aliyekalia mashine alisimama, akajifuta suruali, akakosa pa kutazama. Sadala alipanda ukingoni akiwa ameshikwa mkono na mkewe, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Macho yote yalikuwa kwa wale wawili mchangani.

Kidole cha Swalehe kilikuwa bado kiko juu. Alikisahau hewani.

Salwa akamsogelea mpaka kidole kile kikamgusa mtandio.

"Mimi langu nimesema," alimwambia. "Haya, na wewe malizia lako. Mashahidi wapo."

Swalehe akafungua mdomo.